Siku Mama Mkwe Alipoketi Juu Yangu

Jamani, kuna aibu ambazo mtu akizisimulia hucheka yeye kwanza ili wengine wasimzidi, na hii yangu ni ya namna hiyo, maana pale bandarini Kasongo watu walinicheka mpaka wapagazi wakaketi mchangani, na hadi leo wako wazee ambao wakiniona nimebeba gunia huuliza kama ndani kuna mtu. Basi nawasimulia mwenyewe, msije mkaisikia kwa Kalume, ambaye kila akiisimulia huongeza chumvi (mara ya mwisho nilisikia eti nililia mbele ya watu, nami sikulia mbele ya watu, nililia kabla yake, tena mahali ambapo hakuna aliyeniona).

Enzi hizo za Wabelgiji nilikuwa kapita wa boti, yaani msimamizi wake kwa niaba ya kampuni. Msifikirie meli yenye bomba la moshi na king'ora. Lilikuwa boti la mbao, refu na jembamba, hata watu wawili wakipishana ilibidi mmoja ajibane ukingoni, nasi tulikuwa tunashuka nalo Lualaba tukikusanya pamba, mpunga na mawese katika vituo vya kampuni mpaka bandarini Kasongo, tunapakua, kisha tunarudi juu kwa pondo, ile miti mirefu ya kusukumia boti, na kwa jasho. Nyuma kulikuwa na kibanda kilichoezekwa bati, na ndani yake kitanda, sanduku, jiko la makaa, taa, na kamba ya kutundikia nguo. Humo ndimo nilimokaa, na sisemi kulala safarini, nasema kukaa, kwa sababu sikuwa na nyumba nyingine duniani. Kampuni ilitaka kapita alale na mizigo, kwa hiyo jioni tukifunga boti, wapiga pondo wangu wawili na Kalume, msaidizi wangu wa usukani, walikuwa wakishuka kijijini na kuwasha moto, nikisikia vicheko vyao, nami nikibaki na magunia.

Watu wa kando ya mto walidhani maisha yangu ni raha tupu. Kila kijiji kilinifahamu, watoto waliita jina langu, akina mama waliokuwa wakiosha vyombo waliuliza habari za huko juu, lakini kabla sijamaliza kujibu maji yalikuwa yamekwisha kunipeleka mbele. Mtu wa mtoni ana marafiki wengi sana wa kupungiana mikono. Wa kuketi naye hana.

Nilikuwa na Sifa. Sifa ni mke wangu, Mbangubangu wa upande wa Kabambare, kijiji chao kiko nyuma ya mahali ambapo mto Luama unaingia Lualaba, na nilipomuoa alikuja kukaa nami botini, yeye ambaye kwao hawajui hata kuogelea. Mwanzoni alishika ukingo kama mtu aliyepanda mti. Baadaye alizoea, akajaza udongo katika madebe matupu, akayapanga juu ya bati la kibanda na kupanda nyanya na vitunguu, tukawa tunasafiri na bustani yetu kichwani, na watu wa vijijini walitoka kututazama. Kisha akashika mimba, akaenda kwao kupumzika, nami nikabaki kuzimwagilia nyanya. Akakawia. Nilipotuma salamu nikajibiwa na mama yake kwamba mtoto hawezi kukaa mahali pasipo na udongo, kitovu chake kitazikwa wapi, ndani ya maji kiliwe na samaki? Basi Sifa hatarudi mpaka niwe na nyumba iliyosimama juu ya ardhi. Nyumba ya ardhi sikuwa nayo, wala kazi nyingine sikuwa nayo, na nyanya zikakauka hata nilipozimwagilia.

Sasa lazima mfahamu jambo moja, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilifanya upumbavu ule. Kwetu mjini Kasongo, sisi wa kanzu na kofia, mama mkwe ni mama mkwe tu, unamwamkia, unampa kiti, mnakula. Kwa watu wa Sifa, la. Kule mama mkwe na mkwewe wa kiume hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani, aliyemwona mwenzake kwanza anaingia majanini. Hali chakula ukiwapo, nawe huli akiwapo. Kumgusa ni jambo ambalo watu hawalizungumzi kabisa. Haya hizo huondolewa kwa mbuzi, lakini mbuzi huyo hutolewa mbele ya wazee wa pande zote mbili, nami mbuzi nilikuwa nimeshamnunua, yuko botini amefungwa karibu na kibanda, ila wazee walikuwa hawajapatikana kukaa pamoja. Mimi mgeni wa mila hizo nilizishika kuliko wenyewe, maana niliogopa wasije wakasema Sifa ameolewa na mtu asiye na adabu.

Ndipo mchuuzi mmoja wa chumvi aliyetoka upande ule akaniletea habari. Mama Sifa anakwenda Kasongo kumtazama kaka yake, fundi cherehani, na atapanda boti letu hapo Luama inapoingilia, kwa sababu anataka kuiona kwa macho yake hiyo nyumba ya majini. Akiiridhia, Sifa atarudi akishajifungua. Asipoiridhia, basi tena.

Nililisugua lile boti mpaka Kalume akasema nitalitoboa. Nilifua shuka, nikapanga vyombo, nikapanda hata vitunguu vipya madebeni (vilikuwa vitunguu vya kununua, niliviingiza tu udongoni majani yakiwa juu, msinitazame hivyo). Na mpango ulikuwa wa heshima kabisa: mimi nitangulie kwa mtumbwi mdogo mpaka Kasongo, Kalume ashike usukani, mama mkwe asafiri kwa raha zake bila kuniona. Siku ilipofika, mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mtumbwi. Kama ningeuingiza na wa pili, ningekuwa mtu wa maana hadi leo.

Lakini nikawaza, mama huyu ametoka nyumba moja na mke wangu. Atakaa humu mchana kutwa, atazungumza, na maneno yote ya Sifa, kama anakula, kama anacheka, kama ananitaja, yataingia masikioni mwa Kalume, mtu ambaye ukimpa salamu anaifikisha nusu. Nilikuwa na njaa ya habari zake, siwafichi. Nikautoa mguu mtumbwini, nikamwambia mpiga pondo mmoja aufiche majanini ukingoni, nikajipenyeza katikati ya magunia ya pamba na madebe ya mawese, karibu na kibanda ili nisikie vizuri, nikajifunika gunia lenye pamba nusu, na juu yetu sote likavutwa turubai.

"Kapita, iko joto sana humo," Kalume akaniambia.

"Sema nimetangulia," nikamjibu, "na usipige kelele nyingi, nataka kusikia."

Tukafika. Nikasikia maji yakichezea ubavuni, kisha sauti nzito ya mwanamke mzima ikiwaamkia watu. Nilifumba macho. Jamani, nilikuwa chini ya turubai, gizani, sioni hata mkono wangu, na bado nilifumba macho kwa ajili ya heshima.

"Mukwe yangu iko wapi?" akauliza.

"Alitangulia na mutumbwi, mama. Iko anakungojea kule Kasongo."

"Amefanya muzuri. Ni mutu wa adabu. Watu wa mujini wengine hawajue mambo ya bukwe."

Hapo nilifurahi kidogo, halafu nikaona aibu kwa kufurahi. Akaingia kibandani. Nilimsikia akigusagusa vitu, akifungua sufuria, akibonyeza kitanda. Akauliza nani anafagia, Kalume akasema ni mwenyewe. Akauliza mvua ikinyesha inakuwaje, Kalume akasema bati ni zima. Akatoka, akavisifu vitunguu vyangu vya juu ya kibanda, nami nikamshukuru Mungu hakukivuta hata kimoja.

Kama angekaa humo kibandani hadithi ingeishia hapo. Ila lile bati lilipata joto kali jua lilipopanda, mama akatafuta mahali pa kuketi kwenye upepo. Nilisikia usukani ukilia kwa ghafla, ndivyo nilivyojua Kalume ameona mahali alipopachagua.

"Mama, huko mbele ndiko kuko upepo muzuri."

"Hapa kunanifaa. Pamba iko laini."

Na akaketi. Wenzangu, Mama Sifa si mtu mdogo. Aliketi juu ya turubai, turubai juu ya gunia, gunia juu ya mgongo wangu, nami nikazama kati ya madebe mawili pumzi ikanitoka kidogokidogo, sikuthubutu kuirudisha yote kwa mara moja, nisije nikamwinua. Nilikuwa nimejificha ili nisimwone, na sasa nimembeba. Katika mila yote ya watu wa Sifa sijui kama kuna faini iliyowahi kufikiriwa kwa jambo kama lile.

Akatulia. Kisha akasema, "Hii pamba iko na moto."

"Ni pamba ya mwaka huu, mama," Kalume akajibu. Mbele nikasikia wapiga pondo wakikohoa wote wawili pamoja.

Akafungua chakula chake, muhogo wa kuchoma na samaki mkavu, akamkaribisha Kalume, wakala. Kwa hiyo nikawa tena mtu anayesikiliza mama mkwe akitafuna. Mwiba mmoja wa samaki ulipita tundu la turubai ukanikaa shingoni, nikauacha hapo. Halafu akaja mbuzi. Yule mbuzi wangu wa heshima, niliyemlisha mwenyewe, alinusa akaona mguu wangu umetokeza upande wa pili wa turubai, umelowa jasho, akaanza kuulamba unyayo kwa bidii. Mimi nina mtekenyo tangu utotoni. Niling'ata gunia. Nilipokosa la kufanya nikauvuta mguu kwa nguvu, goti likapiga debe, kifuniko kikatoka, mawese yakamwagika yakanipata kuanzia kifuani mpaka masikioni, na lile gunia nililoling'ata likapasuka mshono, pamba ikanimwagikia juu ya mafuta.

"Huyu mbuzi anatafuta nini pale chini?" mama akauliza.

"Chumvi, mama. Tulipakia chumvi."

Basi tukashuka hivyo, mto ukitupeleka taratibu, mimi nikiwa nimepakwa mafuta chini ya mama mkwe, na nawaambia ukweli kwamba pamoja na mateso yote yale sikutaka safari iishe, kwa sababu alianza kumzungumzia Sifa. Alisema Sifa amenenepa uso. Alisema analala mchana, anakula udongo wa kichuguu kama wanavyofanya wenye mimba, na kwamba ukimtuma maji anakwenda mpaka mtoni Luama badala ya kisima cha karibu, anakaa kule anatazama maji mpaka aitwe. Nililiweka kila neno. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila mtu kulitaja jina lile mbele yangu.

Kisha akauliza, "Na yeye mukwe, mangaribi anakula na nani?"

Nilimwomba Kalume kimoyomoyo aseme uongo. Uongo wote alishausema siku ile bila kuombwa, akashindwa na mmoja tu.

"Na nani, mama? Peke yake. Sisi tunashuka ku kijiji, yeye anabakia. Anaweka sahani mbili, yake na ya Sifa. Anakula ya kwake, kisha anaosha zote mbili. Tulimuona. Hatukumuambia kama tulimuona."

Sikujua kwamba wanajua. Ningependa kuwaambia kwamba hilo la mbuzi au la mafuta ndilo lililonichoma siku ile, lakini ni hili la sahani. Mtu akikukuta uchi mtoni unaweza kucheka naye. Hili huwezi kulicheka na mtu.

Nilimsikia Mama Sifa akifunga mabaki ya chakula chake. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, si ile ya kuamkia watu.

"Nikuambie kitu, baba, juu weye si mutu wa kwetu na hautafika kule. Ile maneno ya kitovu, miye ndiye nilitunga. Kitovu tunaweza kuzika kwetu, kisha mutoto aende kwa baba yake, nani anakataza? Tangu bwana yangu alikufa, nilikuwa nakula miye peke. Nilikuwa napika kidogo, nyungu haichafuke hata. Sifa akarudia, tukakula sahani moja. Akienda tena, nitakula na nani? Basi nikasema udongo, udongo." Akajisogeza juu ya gunia. "Anamulilia bwana yake, yule mutoto. Anajifanya iko kuangalia maji. Nami najifanya sioni."

Hapo ndipo nilipolia, ndugu zangu, na Kalume hakuona, kwa hiyo asiwadanganye. Nililia kimya na pamba puani. Mama niliyemkasirikia miezi yote ile, niliyemwita majina mbele ya nyanya zangu zilizokauka, alikuwa akikaa kule Kabambare anafanya yaleyale ninayoyafanya mimi, isipokuwa yeye alikuwa amepata mtu wa kula naye na mimi nilikuwa namnyang'anya. Kama ningekuwa mtu wa kawaida aliyeketi mbele yake ningemwambia mama, njoo basi ukae nasi. Lakini mama mkwe hawezi kukaa boti moja na mkwewe, jembamba namna ile, atapita wapi?

Nikiwa katika mawazo hayo nikasikia sauti ya maji chini ya mbao imebadilika. Mtu aliyelala botini miaka huijua. Kwenye kina kirefu maji hayasemi kitu, kwenye kina kifupi huanza kukwaruza, na pale kabla ya bandari ya Kasongo kuna mchanga unaohama kila msimu, ambao lazima uukwepe mapema kwa kukata upande wa pili. Kalume hakukata. Kalume alikuwa amekaa mdomo wazi anamsikiliza mama, amesahau kama ana usukani, na wapiga pondo wameweka pondo chini nao wanasikiliza. Nilikuwa na nafasi ya kupiga ukelele mmoja tu, kata kushoto, na boti lingepona. Lakini nikipiga ukelele sasa, mama atajua nilikuwapo, na si kwamba nilikuwapo tu, atajua nimesikia lile alilolisema kwa kuamini halitafika kwao. Nikafunga mdomo nikaliacha boti la kampuni lipande mchanga.

Likapanda. Mama Sifa alitikisika juu yangu mara moja, madebe yakagongana, tukasimama mbele kabisa ya bandari, mahali ambapo kila mtu anaona, siku ambayo meli inasubiri pamba na watu wamejaa: wapagazi, wauzaji wa ndizi, wanawake wa kufua, askari wawili, na karani wa bandari mwenye kofia ngumu ambaye alianza kufoka akiwa bado mbali. Wakasukuma, boti halikutoka. Karani akasema lipunguzwe mzigo. Wapagazi wakaingia majini, yakiwafika kwenye vifundo vya miguu tu, na mmoja wao, kijana mwenye heshima zake, akamwambia, "Mama, simama kidogo, tuchukue hii magunia."

Kalume akasema waanze na ya mbele. Karani akasema waanze na ya nyuma. Mama akasimama, turubai likavutwa.

Niko pale. Mwekundu kwa mawese kuanzia kifuani, na juu ya wekundu pamba nyeupe imenata kichwani, mashavuni, kwenye nyusi, na mwiba wa samaki shingoni. Wapagazi waliruka nyuma kwanza. Mmoja akasema ni maiti. Mwingine akasema ni Mzungu, amebabuka. Kisha mbuzi akaja akanilamba uso, pamba ikatoka sehemu moja, na mwanamke mmoja wa kufua nguo akasema kwa sauti ya kushangaa tu, wala hakukusudia ubaya, "Lakini ni Kapita."

Nami nilikuwa nimefumbua macho. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama juu yangu, karibu kama ulivyo wewe hapo, na ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake. Unafanana na wa Sifa. Wengine wote walikuwa wakitazama mafuta na pamba. Yeye hakuvitazama. Alitazama masikio yangu, moja, kisha la pili, akajifunika kitenge kichwani, akachukua mzigo wake, akashuka majini upande wa bandari.

Nikasema nami nishuke upande wa pili nisiendelee kumwona. Niliruka kwa nguvu zote, kichwa mbele, nikiwa nimesahau kwamba tumepanda mchanga. Maji hayakuzidi unene wa ubao. Nikabaki nimelala kifudifudi, uso mchangani, mgongo juani, na kwa kuwa nisingeweza kuinuka kabla mama hajafika nchi kavu nikaendelea kulala hivyohivyo mbele ya bandari nzima, kana kwamba nimezama. Hapo ndipo kicheko kilipoanza. Nilikisikia kikianzia kwa wapagazi, kikaenda kwa wenye ndizi, kikapanda mpaka kwenye meli, hata askari wakacheka, na karani aliyekuwa akifoka akavua kofia akajifutia macho. Wapiga pondo wangu walilazimika kushikana. Tangu siku ile pale bandarini jina langu likawa Bwana Pamba.

Mambo ya mila yalitengenezwa upesi, niseme kweli. Kaka yake yule fundi cherehani aliwaita wazee, wangu nao wakaitwa, na aibu ikawakutanisha kwa urahisi kuliko heshima. Mbuzi akatolewa, na kuku juu yake wa kusafishia. Wazee walicheka mpaka mzee mmoja akatemea tumbaku kanzu yake, wakasema yamekwisha, tangu leo mnaweza kusalimiana. Mama Sifa alikaa nyuma ya mlango wakati wote. Wote walifikiri anaona haya kwa kuwa alinikalia. Mimi nilijua lililompata ni jingine, na sikuwa na njia ya kumwambia kwamba siri yake sitaitoa kwa mtu, kwa maana ningeanza vipi?

Akarudi kwao. Sifa akajifungua, mtoto wa kike, kitovu kikazikwa Kabambare udongoni. Halafu siku moja tunafika pale Luama inapoingilia, namwona Sifa amesimama ukingoni, mtoto mgongoni, vyombo vyake vimefungwa vizuri kwa kamba, na hakuna aliyemwita, wala mtu niliyekuwa nimemtuma kumchukua.

"Mama amenifunga mizigo mwenyewe," akasema alipopanda. "Aliniambia rudi kwa bwana yako, hapa nafasi iko kidogo."

Nafasi kidogo, katika nyumba ya mama mmoja mjane.

Nilimpokea mtoto bila kutazamana na Sifa. Jioni ile tulikula sahani mbili, nami nilikuwa na kila kitu nilichokiomba, lakini ugali niliuacha nusu. Sifa akaniuliza nina nini, nikasema joto.

Miaka mingi imepita. Mama Sifa alizikwa kwao, na Sifa alilia sana, na katikati ya kulia alisema jambo analolisema mpaka sasa akikumbuka, kwamba mama yake alimchoka, kwamba alimfukuza na kichanga mgongoni. Mara ngapi nimefungua mdomo. Lakini nikimwambia kwamba mama yake alimtaka kuliko chakula, itabidi nimwambie nilijuaje, na itabidi niyatoe hadharani maneno ambayo mwenyewe aliyasema kwa sharti yasifike kwao, na alipogundua yamefika kwangu akamtoa binti yake nyumbani ili yasionekane kuwa kweli. Kalume naye, pamoja na mdomo wake wote, hilo hajawahi kulisema. Kwa hiyo nalala kando ya mke wangu, tuna nyumba ya ardhi siku hizi, tuna wajukuu, na kuna chumba kimoja ndani yangu ambamo nakaa peke yangu.

Niliapa, na kiapo hicho sijakivunja: sisikilizi tena maneno ambayo sikuambiwa mimi. Watu wawili wakizungumza nyuma ya ukuta, nakohoa. Wakinong'ona, naondoka. Nikiwakuta mnasengenya barazani nawasalimu kutoka mbali sana, ndiyo maana mnaniona nina sauti kubwa.

Basi, huyo Sifa anakuja na ndoo yake. Atauliza mlikuwa mmenyamaza kwa nini. Chekeni kidogo, mwambieni nilikuwa nawasimulia ile ya pamba na mbuzi. Hiyo anaipenda, atakaa aimalizie mwenyewe.